Kipande kimoja, watu tisa: maandishi ya pamoja yakae wapi, na nani ayatunze

Msomaji anauliza: "Ofisini kwetu tuko tisa, na karibu wote tunaandika barua na mikataba kwa Word. Mimi nimejitengenezea vipande vya maandishi vya kuingiza haraka: anwani, masharti ya malipo, aya ya kufungia barua. Wenzangu wamevipenda na wanavitaka. Nilimpa mmoja faili langu la Normal. Vipande vilifika, lakini mipangilio yake yote ikapotea. Nikajaribu kuviweka kwenye kiolezo cha mkataba, ila jina la kiolezo halitokei kwenye orodha ya mahali pa kuhifadhi. Na kwa huyo mwenzangu vipande vinatoka na fonti nyingine kabisa. Nifanyeje ili sote tutumie vipande vilevile, na nikibadilisha kimoja kibadilike kwa wote? Mmoja wetu anatumia LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia."

Tuanze na huyo mwenzako, maana yeye ana hasara mkononi. Normal.dotm ni faili la mtu binafsi. Humo mna fonti anayoanza nayo kila akifungua ukurasa mtupu, njia za mkato za kibodi alizojiwekea, makro zake kama anazo (yaani amri ndogo zinazojiendesha), na vipande vyake mwenyewe. Ulipoweka la kwako juu ya la kwake ulitaka kumpa kikombe, ukambadilishia kabati zima. Kama kompyuta yake huwekewa nakala za akiba, atafute Normal.dotm la kabla ya siku ile, afunge Word kabisa, kisha alirudishe kwenye folda ya Templates iliyomo ndani ya %appdata%\Microsoft (andika hivyo kwenye mstari wa anwani wa dirisha la folda). Vipande ulivyompa vitaondoka, lakini usijali, vitamfikia tena kwa njia nyingine.

Njia hiyo inasimama juu ya jambo moja: kila kipande kina makazi, na makazi hayo ni kiolezo, yaani faili ambalo nyaraka mpya huzaliwa nalo. Kipande hakikai ndani ya waraka unaouandika, wala hakielei tu ndani ya programu. Usipochagua makazi, Word inakuchagulia Normal au faili lake jingine liitwalo Building Blocks.dotx, na yote mawili ni ya mtumiaji mmoja kwenye kompyuta moja. Ndiyo maana mtu hukusanya vipande vizuri kwa miaka, kisha kompyuta inakufa navyo. Watu wengi hujifunza kwanza jinsi ya kutengeneza kipande, na hapo wanakosea mpangilio. Swali la kwanza ni kipande kitaishi wapi, la pili ni nani ana ruhusa ya kukigusa. Ukishayajibu hayo mawili, kazi iliyobaki ni ya mchana mmoja.

Niseme kidogo kuhusu majina, kwa sababu yanachanganya. Kitu hiki ni cha zamani. Word 6 ya mwaka 1993 ndiyo iliyokipa jina la AutoText; kabla ya hapo kiliitwa glossary. Word 2007 ikakipanua, ikakiita Building Blocks, na ikaweka kitufe cha Quick Parts kwenye utepe wa Insert. AutoText na Quick Parts, basi, ni rafu mbili za kabati lilelile. Hata leo ukilifungua faili la dotx kama faili lililobanwa la zip, vipande vyako utavikuta kwenye folda ndogo ambayo bado inaitwa glossary. Kwa hiyo ukisoma maelekezo yanayotumia jina moja na mengine yanayotumia jina lingine, usidhani ni vitu tofauti.

Sasa, kwa nini kiolezo chako hakikutokea kwenye orodha? Orodha ya Save in haionyeshi violezo vyote vilivyoko kwenye kompyuta. Inaonyesha vilivyo wazi tu, hasa Normal, Building Blocks, na kiolezo kilichofungamanishwa na waraka ulioufungua wakati ule. Nina hakika ulikuwa ndani ya mkataba wa kawaida ulioandikwa bila kiolezo kile. Dawa yake ni kufungua kiolezo chenyewe. Na hapo kuna mtego: ukibofya mara mbili faili la kiolezo, Word haikifungui, bali inakutengenezea waraka mpya unaotokana nacho. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya uchague Open, au pitia File kisha Open ukiwa ndani ya Word. Ukiona jina la kiolezo juu ya dirisha badala ya Document1, umefika, na jina hilo litakuwemo kwenye Save in.

Ushauri wangu kwa ofisi ya watu tisa ni kuwa na makazi mawili. Vipande vinavyohusu mkataba peke yake vikae ndani ya kiolezo cha mkataba, na vitaonekana kwa mtu anapoandika waraka uliozaliwa na kiolezo hicho. Vile vinavyohitajika popote, kama anwani, aya ya kufungia barua na maelezo ya malipo, vipewe faili lake lenyewe: kiolezo kitupu, hakina hata neno moja kwenye ukurasa, kazi yake ni kubeba vipande tu. Kiite kwa mfano Vipande-Ofisi.dotx. Kihifadhi kama dotx, usikifanye dotm, kwa sababu dotx haiwezi kubeba makro. Hata kinga za usalama za kompyuta hazina sababu ya kukishuku.

Kabla ya kuhifadhi kipande chochote, kisafishe. Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi, kwa sababu uchafu ukishaingia kwenye kipande cha pamoja unaenea kwa watu tisa kwa siku moja. Chukua maandishi kutoka kwenye mkataba mzuri kuliko yote mliyonayo, uyabandike kwenye kiolezo bila mapambo, kisha uyavishe upya. Zima ufuatiliaji wa mabadiliko na ukubali au ukatae yote yaliyobaki, la sivyo mistari ya rangi itasafiri ndani ya kipande. Soma neno kwa neno kutafuta jina la mteja wa zamani, tarehe, kiasi cha fedha. Hilo la jina la mteja usilipuuze: mteja anayekuta jina la mwingine ndani ya mkataba wake anajua papo hapo kwamba ninyi hamkusoma mlichomtumia. Kisha angalia lugha ya ukaguzi wa tahajia. Lugha hiyo imeshikamana na maandishi kama vile wino mzito unavyoshikamana nayo, na husafiri pamoja nayo. Kipande cha Kiswahili kilichowekewa alama ya Kiingereza kitachorewa mistari myekundu chini ya kila neno kwa kila atakayekiingiza. Chagua maandishi, nenda Review, kisha Language, uweke Kiswahili, au utie alama ya kutokagua tahajia.

Baada ya usafi, washa alama zilizofichika kwa kitufe chenye ¶ kwenye utepe wa Home. Alama ile mwishoni mwa aya ndiyo inayobeba mpangilio wa aya: nafasi za juu na chini, ujongezaji wa pembeni, mtindo. Ukiichagua pamoja na maandishi, kipande kitaingia kikiwa aya kamili yenye umbo lake. Ukiiacha nje, yataingia maneno matupu yanayojichanganya na sentensi uliyomo. Masharti ya malipo yanataka alama ile iwemo. Jina refu la taasisi, ambalo mtu anaweza kulihitaji katikati ya sentensi, halitaki. Malalamiko mengi ya "kipande kinanivunjia aya yangu" yanatokana na alama hiyo moja tu.

Sasa bonyeza Alt pamoja na F3. Kwenye kompyuta nyingine za mapajani itabidi ushikilie Fn pia. Kisanduku kitafunguka kikiuliza jina, rafu (Gallery), kundi (Category), maelezo, mahali pa kuhifadhi, na namna ya kuingia. Jina liwe fupi na lianze tofauti na mengine, kwa sababu atakayekitumia ataandika jina hilo, au herufi za mwanzo zinazotosha kukitofautisha, kisha atabonyeza F3. Mkiwa na "masharti ya malipo siku 14" na "masharti ya malipo siku 30", mtu ataandika karibu jina zima kabla Word haijajua anataka kipi. Afadhali "m14" na "m30". Kwenye rafu, chagua AutoText au Quick Parts, lakini ofisi nzima ishike moja. Mimi hupendelea Quick Parts, kwa kuwa vipande vyake huonekana mara tu ukibofya kitufe chenyewe, na wale wasiokumbuka majina watachagua kwa macho. Kundi litumike kutenganisha barua na mikataba. Sehemu ya maelezo watu huiacha tupu, nami naomba usiiache: andika tarehe ya toleo na cheo cha mwenye dhamana, mfano "toleo la Machi 2025, mhasibu". Mtu akisogeza kipanya juu ya kipande kwenye menyu ataiona. Kwenye Save in chagua Vipande-Ofisi. Kisha, na hili watu husahau, hifadhi kiolezo chenyewe kabla ya kukifunga. Kipande ulichokitengeneza bila kuhifadhi kiolezo hakipo.

Vipande ulivyonavyo tayari huna haja ya kuviandika upya, mradi ni visafi. Fungua kiolezo kipya, nenda Quick Parts, uchague Building Blocks Organizer. Utaona jedwali la vipande vyote, likiwa na safu inayotaja kila kimoja kinaishi kwenye kiolezo gani. Chagua cha kwako, bofya Edit Properties, ubadilishe Save in. Word itakuuliza kama una hakika, kubali. Ni kazi ya kimoja kimoja, na kinahama kweli, hakibaki Normal, kwa hiyo weka nakala ya Normal lako pembeni kabla ya kuanza.

Tuje kwenye fonti. Kipande kinapoingia kwenye waraka, mgeni anavaa nguo za mwenyeji. Maandishi yako yamebeba jina la mtindo, yaani mkusanyiko wa mipangilio ya fonti na aya uliopewa jina, tuseme Normal (si lile faili la Normal), na waraka wa mwenzako una mtindo wenye jina hilohilo lakini fonti yake ni nyingine. Majina yakigongana, maana ya mwenyeji ndiyo inayoshinda. Kama mwenyeji hana mtindo wa jina hilo, mgeni anaingia na nguo zake, na mtindo wake unaongezwa kwenye waraka. Yale uliyoyapamba kwa mkono, kama kuongeza ukubwa wa herufi bila kugusa mtindo, yanabaki jinsi yalivyo, na ndiyo sababu kipande huonekana nusu kimebadilika na nusu hakikubadilika.

Ukilielewa hilo utaona kwamba hakuna jibu moja kwa vipande vyote. Aya ya kufungia barua inapaswa kufanana na barua inamoingia, kwa hiyo iandike kwa mtindo wa kawaida wa Normal, bila pambo lolote la mkono, na ukubali ivae nguo za mwenyeji. Hilo si kosa, ndilo unalolitaka. Masharti ya mkataba ni kinyume: yanatakiwa kuwa na sura ileile daima. Hayo yatengenezee mitindo yenye majina yenu wenyewe, kama "Ofisi Kifungu" na "Ofisi Kifungu Kidogo", na mitindo hiyo iwe na maana ileile kwenye violezo vyenu vyote. Mitatu au minne inatosha. Nimekuta violezo vyenye mitindo arobaini ambayo hakuna mtu ofisini angeweza kuieleza, na kila kipande kipya kilikuwa kinaongeza mingine. Namba za vifungu nazo zifungamanishe na mitindo hiyo kupitia orodha ya ngazi nyingi. Namba zilizobofywa kwa mkono kwenye kila kipande zitaanza moja tena pale ambapo ulitaka ziendelee kutoka saba.

Kuna nafasi za kujaza ndani ya vipande, na hapa Word ina kitu kizuri ambacho wachache wanakitumia. Chini ya Quick Parts kuna Document Property. Ukiingiza, kwa mfano, Company ndani ya kipande, kitatokea kisanduku kidogo. Mwandishi akijaza jina la mteja mahali pamoja, kila kisanduku cha aina hiyo ndani ya waraka huo hujaa jina hilohilo, hata kikiwa kwenye kipande kitakachoingizwa baadaye. Mkataba wenye jina la mteja mara kumi na moja unajazwa mara moja. Ni dawa ya ule ugonjwa wa jina la mteja wa zamani niliousema juu, na mimi naona faida yake peke yake inatosha kuhalalisha kazi yote hii.

Kugawa vipande kwa watu tisa ni rahisi kuliko unavyodhani. Ndani ya %appdata%\Microsoft\Word kuna folda iitwayo STARTUP. Kiolezo chochote kilichomo humo hufunguliwa na Word kimyakimya inapoanza, na vipande vyake vinapatikana kwenye waraka wowote. Weka faili mama kwenye folda ya pamoja ya seva, mahali ambapo wengine wanaruhusiwa kusoma tu, na kila mmoja anakili faili hilo kwenye STARTUP yake. Kama mna mtu wa kompyuta, anaweza kuandika amri fupi inayonakili faili jipya kila mtumiaji anapoingia asubuhi. Kama hamna, ujumbe wa "funga Word, nakili upya" unatosha kwa watu tisa. Word lazima iwe imefungwa kwelikweli, kwa sababu inalishikilia faili la STARTUP muda wote ikiwa wazi, na nakala mpya haitakubali kukaa juu yake.

Utashawishika kuielekeza Word ya kila mmoja isome moja kwa moja kutoka kwenye seva, na mipangilio ya kufanya hivyo ipo chini ya File Locations. Kwa ofisi ndogo sikushauri. Mtandao ukikatika vipande vinatoweka, na mtunzaji anayetaka kurekebisha faili saa nne asubuhi anakuta limeshikiliwa na watu wanane. Nakala kwenye kila kompyuta inafanya kazi hata mtu akiwa safarini.

Mtunzaji awe mmoja, na mwingine mmoja wa kumshikia nafasi. Wengine walete mapendekezo kwake. Najua inasikika kama urasimu. Ofisi moja niliyoisaidia iliamua kupunguza muda wa malipo kutoka siku 30 hadi siku 14. Kipande kilirekebishwa, faili likagawiwa, kila mtu akaambiwa. Wiki kadhaa baadaye mkataba ukatoka na siku 30. Mwandishi hakukosea: aliandika jina la kipande, akabonyeza F3, kama alivyofundishwa. Lakini miezi mingi nyuma alikuwa amejihifadhia nakala yake mwenyewe kwenye Normal kwa jina lilelile, na Word ikamletea ile. Mkataba ulikuwa umeshasainiwa. Tangu hapo, siku ya kugawa vipande vya pamoja mimi hukaa na kila mtu mbele ya Building Blocks Organizer, tukapanga jedwali kwa jina, na kila kipande cha binafsi kinachogongana na cha ofisi kikafutwa au kikapewa jina jingine. Dakika kumi kwa kila mtu. Fanya hivyo na wenzako wote wanaotumia Word.

Sasa lile swali lako la mwisho, na lina sehemu mbili ambazo lazima nizitenganishe. Kubadilisha kipande chenyewe ni rahisi: kiingize ndani ya kiolezo mama, kirekebishe, kichague, bonyeza Alt na F3, uandike jina lilelile, rafu ileile na kundi lilelile, na Word itauliza kama unataka kukifafanua upya. Ukikosea kundi, haitauliza. Itakutengenezea pacha, na utakuwa na vipande viwili vya jina moja vyenye maneno tofauti. Kisha futa maandishi uliyoyaingiza ukurasani, hifadhi kiolezo, na ugawe faili jipya.

Lakini nyaraka zilizokwisha kuandikwa hazitabadilika. Kipande kikishaingia ni nakala, kimekata uhusiano na kwao. Ukitaka uhusiano ubaki, usiingize kipande. Ingiza fildi, yaani agizo fupi linalokaa ndani ya maandishi na kuonyesha matokeo yake, kama namba ya ukurasa inavyofanya. Bonyeza Ctrl na F9 upate mabano maalumu, na ndani yake andika AUTOTEXT likifuatwa na jina la kipande, kisha F9. Kuanzia hapo, kila fildi hiyo ikihuishwa kwa F9, inakwenda kuchukua maneno ya sasa kutoka kwenye kiolezo. Waraka ukifika kwa mtu asiye na kiolezo chenu na fildi ikahuishwa kwake, mahali pa aya patatokea ujumbe wa kosa. Kwa hiyo kabla ya kutuma nje, chagua waraka wote na ubonyeze Ctrl, Shift na F9 ili fildi zigande kuwa maandishi ya kawaida. Kumbuka kwamba hiyo inagandisha fildi zote ulizozichagua, pamoja na orodha ya yaliyomo na marejeo, basi ifanye kwenye nakala ya kutuma, si kwenye waraka wa kazi.

Na wapi utumie fildi hizi? Kwenye miongozo ya ndani, fomu, na maelezo ya huduma, nyaraka ambazo zinatakiwa kusema yaliyo kweli leo. Kwenye mikataba, kamwe. Mkataba uliosainiwa unatakiwa kusema kilichokubaliwa siku ile, na waraka unaoweza kubadilisha sharti la malipo kwa sababu mtu aliufungua mwaka mmoja baadaye akahuisha fildi ni hatari ambayo hakuna urahisi unaoweza kuilipia. Ulisema unataka kibadilike kwa wote. Nataka ubadilishe nia hiyo kidogo: kibadilike kwa wote watakaoandika kesho, na kilichoandikwa jana kibaki.

Jambo jingine dogo. Huenda mmoja wenu anatumia AutoCorrect kwa kazi hii, anaandika vifupi viwili na Word inavigeuza kuwa sentensi nzima. Maandishi yake yasiyo na mapambo hukaa kwenye mafaili yenye kiambishi cha acl, na yenye mapambo hukaa Normal. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuhamia kwenye kiolezo chenu. Ni chombo kizuri cha mtu mmoja. Maneno ya ofisi yasikae humo.

Yule wa LibreOffice hatafaidika na Vipande-Ofisi.dotx, maana huko vipande havikai ndani ya violezo. Kila kundi la vipande lina faili lake lenye kiambishi cha bau. Afungue AutoText kwa Ctrl na F3, atengeneze kundi moja la ofisi, na kwenye Tools, Options, LibreOffice, Paths aongeze folda ya pamoja kwenye mstari wa AutoText, ili makundi yaliyomo yaonekane kwake. Kila kipande kina jina na kifupi. Akiandika kifupi na kubonyeza F3 kinaingia, kama kwenu. Wakati wa kuhifadhi ataona pia chaguo la kuhifadhi maandishi matupu bila mapambo, na kwa aya za barua hilo ndilo la kuchagua. Itabidi mtunzaji aingize kila badiliko mara mbili, kwenye dotx na kwenye bau. Vifupi viwe vilevile kwenye programu zote mbili, "m14" huku na "m14" kule, ili siku mtu huyo akikaa kwenye kompyuta ya mwenzake vidole vyake visipotee.

Anza na vipande vitano mnavyovitumia kila wiki. Vikishaenda mwezi mmoja bila mtu kulalamikia aya iliyovunjika au fonti iliyogeuka, ongeza vingine.